Sketi Uliyompelekea Mama Zuhura

Viwanja Sitini, Ifakara
Usiku wa kuamkia safari yako

Kwako Deo,

Salamu za u hali gani naziruka, maana nakusikia unakoroma hapo nyuma ya pazia kama mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo najua u mzima. Barua hii naiweka kwenye begi lako, chini ya shati jeupe. Usiifungue stesheni. Utalia au utacheka, na watu wa Ifakara wameshakutazama vya kutosha mwaka huu. Ifungue mkishapita Mngeta, au ngoja hadi Mlimba, treni inapoanza kupanda milima na wenzako wamesinzia.

Mambo ya kula vizuri, kulala mapema na kuchagua marafiki sitayaandika. Umeyasikia tangu unanyonya, na kama hukuyashika basi hayo masikio ni mapambo tu. Nakuandikia habari moja, nayo ni wivu. Mama yako ana wivu, mwanangu. Ninao tangu ujana, nimeutunza vizuri kuliko nilivyotunza kuku wangu, na leo mchana umenifanya nitende jambo. Lazima ulijue, kwa sababu unapoisoma barua hii umelivaa kiunoni.

Nasema habari ya ile sketi yako. Ndiyo, sketi. Wewe na Bwana Aleki iiteni kilti, iiteni mtakavyo. Mimi ni fundi cherehani, na nguo isiyo na miguu miwili, yenye marinda nyuma, najua jina lake.

Wiki nzima nimetundika ile suruali ya kijivu kwenye msumari wa mlangoni. Niliishona kwa ajili ya chuo chako huko Mbeya, nikaitia bitana ndani kwa sababu ya baridi. Kila ukitoka unaipita, kila ukiingia unaipita. Jana nikakuuliza, "Baba, kesho kutwa utavaa nini kwenye treni?" Ukanijibu bila hata kunitazama, "Mama, si unajua." Najua. Ndiyo maana roho inaniuma.

Kwanza nilimwonea wivu Bwana Aleki mwenyewe. Unakumbuka siku alipoingia mjini, huyo mtaalamu wa visima kutoka Uskoti, na baiskeli yake, na sketi ya drafti za kijani, na soksi ndefu kama za mchezaji mpira? Sokoni watu waliacha kupima mchele. Watoto walimkimbilia mpaka hospitali wakiimba, "Mzungu kavaa sketi! Mzungu kavaa sketi!" Na yeye anapiga kengele tu, trin, trin, kama vile wanamshangilia kwa kushinda mashindano. Ilibaki kazi ya kujiuliza ndani kuna nini. Mji mzima ulikosa usingizi kwa swali hilo. Bibi yako wa Kisawasawa ndiye aliyethubutu, siku mlipokwenda kumfungia pampu. Akamwuliza uso kwa uso, "Mwanangu, humo ndani kuna nini?" Naye kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akamjibu, "Bibi, kuna miguu." Bibi yako alicheka akatua ndoo chini.

Baada ya hapo watu wakamzoea. Wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka Usukumani hawakushangaa hata siku ya kwanza. Mzee wao mmoja, mwenyewe amefunga shuka yake ya kila siku, aliishika ile nguo kwa vidole viwili, akaisugua, akauliza imenunuliwa mnada gani.

Lakini humu ndani mimi sikuzoea. Ulianza kufanya naye kazi ya visima, na nyumba ikajaa Aleki. Aleki kasema udongo wa Mngeta ni hivi. Aleki anasema kwao mwanaume hupanda mlima na sketi kwenye theluji. Nikipakua ugali, Aleki yumo kwenye bakuli. Miaka yote tangu baba yako afariki ulikuwa ukirudi jioni unaniuliza mimi mambo. Sasa ukawa unarudi na majibu ya mtu mwingine. Nilimchukia yule mtu, Deo, na alikuwa hajanikosea chochote, kila akipita ananipa shikamoo ya heshima kabisa.

Ndipo ulipokuja na lile shuka jekundu la drafti kutoka mnadani. Jinga mimi nikalisifu! Nikasema, "Loo, zuri, nitajifunika miguu msimu wa baridi." Ukacheka chinichini. Baada ya siku chache shuka halionekani, na jioni moja unaingia mlangoni umelivaa, limepigwa marinda nyuma, bizimu mbili kiunoni, magoti nje.

"Nani kakushonea?" nilikuuliza. Sikuuliza kwa nini umevaa. Angalia mama yako alivyo. Mwana kaingia na sketi, na swali langu la kwanza ni nani kashona.

"Mama Zuhura."

"Mama Zuhura yupi?"

"Mama, Mama Zuhura wa ng'ambo ya barabara. Kuna mwingine?"

Hakuna mwingine. Mmoja tu ananitosha. Cherehani yake inatazama cherehani yangu tangu wewe hujazaliwa. Mimi suruali, yeye sketi za shule. Ukanieleza vizuri tu, kwamba unashinda kwenye matope, kwamba suruali ikilowa Jumatatu inakauka Jumapili, kwamba mapaja yalikuwa yamekuchubuka masika nzima na ukawa unatembea kama bata, ukinidanganya ni baiskeli. Halafu ukasema, "Na wewe, Mama, marinda hushoni. Mwenyewe kila siku unawaambia watu: sketi, nenda ng'ambo."

Ni kweli nasema hivyo. Nasema kwa majivuno, nikinyoosha kidole kama namfukuza mbwa. Mitumba ilipojaa sokoni na wanaume wakaacha kushonesha suruali, nikawa nashinda natia viraka na kubadilisha zipu, na bado nikasema sketi nenda ng'ambo. Na huko ng'ambo kila Januari wamama wanapanga foleni na watoto wao, kwa sababu sare ya shule haiji kwenye marobota. Ningeweza kujifunza marinda. Sikutaka kushona kitu ambacho yeye anakijua zaidi. Hilo lilikuwa kosa langu la kijinga, na nimelirudia miaka mingi kwa bidii.

Lakini jioni ile kilichonichoma zaidi ni kiuno. Alikupima kiuno! Kiuno hicho nimekipima mimi tangu kaptula ya kwanza. Suruali ya Komunyo ya kwanza nilikupima mara tatu kwa sababu ulikuwa huachi kucheka futi ikikugusa. Nikawaza, je, kwake pia amecheka? Hata kuandika haya naona aibu, ila ndivyo nilivyowaza.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini ni yeye hasa, maana hujui.

Baba yako nilimpata Kivukoni. Alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi na kuvua samaki, na alivaa kama walivyovaa wavuvi wenzake, shuka imefungwa kiunoni inaishia juu ya goti. Mto hautaki suruali. Na alikuwa na miguu, Deo! Sijui nisemeje kwa mwanangu. Jitazame yako hapo ulipokaa, ndiyo hiyo hiyo. Wanawake tulikwenda kununua samaki hata siku ambazo nyumbani kuna mboga. Na binti mmoja mwenye ulimi, ambaye leo anaitwa Mama Zuhura, alisema mbele ya watu wote, "Mwanaume huyu hata asipouza samaki, mimi nitakuwa nakuja kununua mto." Watu wakacheka, na baba yako akacheka. Mimi nilikuwa nimechumbiwa naye mwezi huo.

Nilirudi nikashona suruali. Suruali yangu ya kwanza katika maisha yangu, ya kaki nzito, pana, ndefu mpaka inafagia. Nikamwambia mume wangu mtarajiwa kwamba sasa tunaingia mjini, watu wa ofisini wanadharau wenye shuka, mwanaume wa mjini huvaa suruali. Yote hayo yalikuwa kweli nyakati zile, na yote yalikuwa uongo kwangu. Nilitaka ile miguu iingie kabatini nifunge na ufunguo nibaki nao mimi.

Aliivaa. Baba yako hakuwa mtu wa kubishana. Kila asubuhi alitoka hapa na suruali yake imepigwa pasi, na kila jioni alirudi nayo. Nikatulia, nikanenepa hata. Lakini mimi ni fundi. Siku moja naifua ile suruali, imeshakaa misimu kadhaa, nikaitazama magotini. Mpya kabisa. Mtu anayepiga kasia amechuchumaa mtumbwini kutwa nzima hawezi kuwa na magoti mapya. Nikaelewa. Alikuwa akifika mtoni anaivua, anaikunja vizuri, anaiweka mahali pakavu, anafunga shuka yake. Jioni akitia nanga anaivaa tena anarudi kwangu.

Sikumwambia kitu. Naye hakujua kwamba najua. Tuliishi hivyo mpaka alipofariki. Mimi nilikuwa na suruali yake, na mto ukawa na yeye. Nikauonea wivu mto, mwanangu, maji yale machafu yenye viboko. Nilikuwa nikivuka nakunja uso kama ninapita kwa mke mwenza. Ningemwambia tu, "Vaa shuka yako, baba Deo, nami nitakutazama wa kwanza," pengine angenipeleka siku moja moja kwenye mtumbwi. Hakunipeleka. Angenipelekaje, na mimi ndiye niliyemficha kwamba najua?

Basi ule wivu ukapata pa kulala miaka mingi, mpaka wewe ulipotoka na sketi.

Siku ile ya vijana wa kijiwe cha baiskeli hatujawahi kuizungumza, tuizungumze leo. Ulikuwa unatoka kazini, umevaa, unasukuma baiskeli yenye pancha. Wakaanza. "Dada Deo! Dada Deo, tutakuoa lini?" Wewe ukasalimia, ukainamisha baiskeli uzibiwe pancha, kama mteja mwingine. Yule mrefu akaja nyuma akaishika sketi kwa pindo, akaivuta. Wakaniita na mimi, "Mama Deo, njoo umchukue binti yako!"

Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani. Uliniona, na ninajua uliniona. Maneno nilikuwa nayo, yamejaa mdomo mzima, na miguu ya kuvuka barabara nilikuwa nayo. Nikainama nikatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. Nilikuonea haya, Deo. Si kwa ajili ya sketi peke yake. Nilijiambia, aliyekushonea na akutetee.

Na akakutetea kweli! Alitoka na ile rula yake ndefu ya mbao, kanga inadondoka, pini zimemjaa mdomoni mpaka ilibidi azitemee mkononi kwanza. "Mwachie! Mwachie nguo yangu wewe, mshono huo unaujua? Baba yako akienda mtoni anavaa nini, koti? Mume wangu anakwenda sokoni na msuli kila siku ya Mungu, mbona humvuti? Padri akipita na kanzu mpaka miguuni unainama, 'Tumsifu Yesu Kristo,' humwiti dada! Au unataka nikupime na wewe nikushonee, maana hiyo suruali yako ya mtumba matako yako nje!"

Barabara nzima iliangua kicheko, hata wale vijana. Yule mrefu akaishia kukuzibia pancha. Na wewe ukamwambia, "Asante, mama."

Mama. Nilisikia kutoka ng'ambo. Najua ni heshima tu, kila mtu mzima ni mama. Lakini usiku ule sikula, nikasingizia tumbo. Yale maneno aliyoyasema yalikuwa yangu, Deo. Yale ya mtoni hasa. Nani katika mji huu alikuwa na haki ya kusema habari ya shuka za mtoni kama si mjane wa baba yako? Nilikuwa nimeyakalia, akaja mwenzangu akayasema, tena kwa sauti nzuri. Nilimwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu.

Sasa ya leo.

Asubuhi ulipokwenda Kisawasawa kumuaga bibi, nilisema nitakupigia pasi nguo zako. Nikatia mkaa, nikapiga shati, nikaichukua sketi. Nikaigeuza ndani nje. Fundi akiigeuza nguo ya fundi mwenzake anatafuta kosa, nisikufiche. Nikatafuta. Mshono umenyooka. Uzi hauning'inii hata mmoja. Pindo limeshikwa kwa mkono, huwezi kuona sindano ilipopita. Na yale marinda, jamani! Kila rinda limekunjwa likaangukia kwenye mstari mwekundu wa drafti, kwa hiyo nyuma ni nyekundu tupu kutoka juu mpaka chini, na mtu akitembea ndipo bluu inachungulia na kurudi. Kumbe huyu mwanamke miaka yote anashona hivi na mimi nanyoosha kidole, nenda ng'ambo.

Nikachukua wembe. Nilijiambia nataka kuona tu rinda la kwanza ameanzaje. Halafu la pili. Mkono ukanoga. Nilipokuja kushtuka, marinda yote yamefumuliwa, kiuno pembeni, bizimu kwenye kopo la vifungo, na mezani limelala shuka la mnadani. Niseme ukweli, nilijisikia vizuri. Nilikunywa chai. Mpaka chai ilipokwisha.

Ndipo nikajaribu kurudisha. Mimi! Nakunja hapa, linakwenda pale. La kwanza limeangukia jekundu, la pili bluu, la tatu katikati ya hewa. Nikabandika pasi nikidhani itanitii, nikashona, nikainua. Imefumka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Nikafumua. Nikaanza tena. Jasho linatiririka, jua linageuka, na gari la Kisawasawa hurudi alasiri.

Nikafikiria uongo. Nimeanika, imeibiwa. Nimeanika, mbuzi kaila. Uongo wa mbuzi niliupenda, nikaanza hata kuchagua mbuzi wa nani. Halafu nikainua macho, nikaiona suruali ya kijivu kwenye msumari. Nikasema, basi. Kesho hana la kuvaa ila hii, na Mungu ndiye aliyepanga. Utapanda treni na mkono wangu mwilini, na bitana langu, na Mama Zuhura atabaki hapa na sare zake.

Nikaishusha kuipiga pasi. Nikaikunjua magotini.

Deo, nilikaa chini. Niliona ile ya kaki. Niliona wazi kabisa kwamba ungeivaa. Ungeniambia, "Asante, Mama," kwa sababu na wewe si mtu wa kubishana. Ungenipungia mkono umeivaa, na treni ikishapita Mngeta ungekwenda chooni ukaivua, ukaikunja vizuri, ukaiweka mahali pakavu. Na kila likizo ungeivaa tena unapokaribia Ifakara. Ningekuwa naifua, naitazama magotini, na sikuambii kitu. Nimeshaishi hivyo na mwanaume mmoja. Wa pili simtaki.

Nikakusanya kila kitu kwenye kanga, nikavuka barabara. Wale vijana wa kijiwe walinyamaza. Tangu lini Mama Deo anavuka?

Mama Zuhura alikuwa kwenye cherehani na pini zake mdomoni. "Karibu, mwenzangu," akasema bila kufungua meno. Nikafungua kanga mbele yake. Akatazama. Akatoa pini moja moja akazichomeka kwenye kitambaa.

"Nani kaifumua?"

"Mimi."

"Ina kosa?"

"Haina."

"Sasa?"

"Wivu," nikamwambia. Sijawahi kulisema neno hilo kwa mtu, na ilibidi nimwambie yeye wa kwanza.

Akaokota kipande cha kiuno, akakigeuza. Halafu akasema, "Ingekuwa mimi, ningeichoma moto." Akavuta kigoda. "Kaa. Anarudi saa ngapi?"

Tukashona. Alinionyesha. Unahesabu mistari kwanza ukiwa hujakunja kitu, unaweka pini kwenye kila nyekundu, ndipo unakunja, na unapiga bandi kwa uzi mrefu wa mkono kutoka juu mpaka chini. Ukipiga pasi bandi haitoki, inatoka mwisho kabisa. Ni hivyo tu. Kitu cha asubuhi moja, na mimi nimekinunia nusu ya maisha. Alikunja yeye, nikapiga bandi mimi. Katikati ya kazi akasema bila kuinua uso, "Ulipomshonea yule mtu wako suruali ya kaki, nilikuchukia mwaka mzima." Nikamwambia, "Alikuwa akiivua mtoni." Akasimamisha cherehani. "Kweli?" Nikamwambia kweli. Tulicheka, Deo, mpaka mume wake akachungulia na msuli wake kuuliza kuna nini.

Tulipofika kiunoni nikachukua kipande nikakipima. Na kosa nililolitafuta asubuhi nzima, nikalipata! Nikamwuliza, "Ulimpima amesimama?" Akasema ndiyo, sasa angempimaje. Nikamwambia mwanaume hupimwa amesimama, halafu hupimwa amekaa, maana akikaa tumbo linadai nafasi yake, na huyu anakwenda kukaa kwenye treni mpaka Mbeya. Wasichana wa shule hawalalamiki, wanaume hukata bizimu. Hakubisha. Alinisogezea mkasi wake mwenyewe. Usiponiamini kaa vizuri hapo kwenye kiti, uvute pumzi. Unasikia nafasi? Huyo ni mimi.

Ndani ya kiuno nimetia alama yangu, mishono mitatu ya uzi wa njano, kama ninavyotia kwenye suruali zote nilizowahi kukushonea. Mama Zuhura aliiona. Akatunga uzi mweupe, akatia yake pembeni. Nilitaka kumwambia kitu. Nikameza.

Uliporudi ulikuta sketi imekunjwa kitandani, na ukasema, "Mama, umeipiga pasi vizuri." Nikaendelea kuandaa wali.

Sasa usidhani kwamba nimepona. Huko Mbeya mtu atakucheka, na mama wa mtu mwingine atatoka na rula kukutetea, na wewe utamwambia asante, mama. Mwambie. Ni lazima umwambie. Mimi nitakuwa hapa, na sitajua siku gani imetokea, kwa hiyo nitaumia kila siku kwa tahadhari. Wasichana nao wataiona hiyo miguu na sina kaki ya kuwazuia. Yupo mmoja atakayekupima kiuno siku moja kwa mikono yake bila futi, na huyo simjui, na tayari simpendi. Mlete tu. Nitanuna kidogo, halafu nitampikia.

Ukipata wa kumpenda, na wewe ukajisikia unataka kumfungia kabatini, kumbuka magoti ya ile suruali. Mwambie yeye. Nimesema yeye mwenyewe, usiende kumwambia fundi wa ng'ambo.

Suruali ya kijivu nimeiacha msumarini. Ukiihitaji kwa sababu ya baridi, andika, nitaituma. Usipoihitaji, nitaifumua, kitambaa ni kizuri. Mama Zuhura anasema kinakubali marinda.

Kesho tutakwenda stesheni kwa miguu, nawe umeivaa, na mimi nitakuwa ubavuni kwako, upande wa kijiwe cha baiskeli. Watakaosema watanisemesha mimi kwanza. Mama Zuhura naye amesema atakuja kukusindikiza. Sikuweza kumkatalia, marinda ni yake. Utakuwa dirishani, treni itaanza kusogea, nasi tutakuwa tumesimama pale chini wote wawili tunakutazama.

Unapofika hapa kwenye kusoma, umeshapunga mkono. Kama ulianza kunipungia mimi, Mungu akubariki uendako. Kama ulianza kumpungia yeye, usiniandikie kwamba hukukusudia. Nilikuwepo, nimeona.

Ni mimi mama yako,
niliyekupima kwanza.